Mama mkwe ana bahari yake Tanga, ya Norfolk aende kutazama nini?

Msomaji mmoja anayeishi Leicester ameniandikia hivi:

"Tunakwenda pwani ya Norfolk siku nne mwishoni mwa Agosti: mimi, mume wangu, watoto wawili (miaka 6 na 11) na mama mkwe aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Mama magoti yanamsumbua, na ameshatamka wazi: 'Bahari nimezaliwa nayo, hiyo ya baridi naenda kuitazamia nini?' Gari tunalo. Sisi ni Waislamu, kwa hiyo chakula na stara tunaviangalia. Mbali na kukaa mchangani tukitetemeka, kuna nini cha kufanya?"

Dada, kwanza nifikishie shikamoo yangu kwa bi mkubwa. Mimi mtu wa Pangani, na kazi yangu hapa Norwich, mji mkuu wa Norfolk, mashariki mwa England, ni kuongoza wageni kwenye pwani hiyohiyo, kwa hiyo swali lake nimelisikia mara nyingi, na mara nyingi muulizaji alikuwa mama yangu mzazi.

Kosa letu sisi watu wa pwani ni kushindanisha maji kwa maji. Hapo Tanga imeshinda kabla ya filimbi. Mwisho wa Agosti bahari ya Norfolk huwa nyuzijoto 17 au 18, na huo ndio wakati wake mzuri. Yetu hata miezi ya kusi iko kwenye 25. Lakini Norfolk haiendewi kwa ajili ya maji. Inaendewa kwa yale ambayo maji huyaacha yakishatoka: mchanga wa kilomita nzima, madimbwi yenye kaa, tope lenye maua, sili, wale wanyama wa baharini wenye sharubu, waliojilaza kama magunia. Kila kitu kule kinakwenda kwa kujaa na kupwa. Na katika gari lenu zima, anayejua kujaa na kupwa bila kufundishwa ni mmoja tu, naye ndiye anayenung'unika kiti cha nyuma.

Basi mpeni kazi. Siku ya kwanza mnunulieni kijitabu cha majedwali ya maji, kile kidogo kinachouzwa kwenye maduka ya bandarini, awe ndiye msemaji wa ratiba. Bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi, na maji mafu, siku yanapotembea kidogo, anavijua. Atakachokuta kipya ni saa. Tanga siku za bamvua maji hupwa sana asubuhi, kwenye saa tatu au nne, ndipo akina mama wanatoka kwenda kuokota. Upande wa Cromer na Wells, miji ya pwani ya Norfolk, siku hizohizo yanapwa mchana, baada ya adhuhuri, na kujaa ni asubuhi mapema na jioni. Tofauti ya kina pia itamshangaza: Tanga bamvua ni kama mita 3, lakini Hunstanton, upande wa magharibi wa pwani hiyo, hupita mita 6. Tahadhari moja: majedwali mengi ya kuchapwa hutumia saa za majira ya baridi, hivyo Agosti lazima uongeze saa moja. Mwaka wangu wa kwanza sikuongeza. Nikafika gatini na wageni wanane saa nzima kabla ya boti, upepo ukatupiga mpaka tukawa kama ng'onda.

Mahali pa kulala, kwa siku nne na mtu mwenye magoti, mimi ningechagua Wells-next-the-Sea au Sheringham na kubaki hapohapo, nikatembelea pengine kutokea hapo. Barabara ya pwani, A149, ni nyembamba, imebanwa na ua wa miti na kuta za mawe, na Agosti inajaa magari na matrekta. Ukihama nyumba kila usiku utaimaliza likizo nyuma ya trekta. Nyumba nyingi za kupangisha mwezi huo zinataka wiki nzima, Ijumaa hadi Ijumaa au Jumamosi hadi Jumamosi, hivyo kwa siku nne tafuteni nyumba ya wageni au karavani kwenye kambi za likizo. Karavani msiidharau: ina jiko, mtapika wenyewe, na ngazi ni mbili tu. Na Jumatatu ya mwisho wa Agosti ni sikukuu ya kitaifa. Kama mnaweza kuikwepa, ikwepeni.

Sasa Wells. Kuna gati la zamani katikati ya mji, na ufuo wenyewe uko mbali kidogo, kama kilomita moja na nusu, mnapita juu ya tuta la kuzuia bahari. Mama asitembee, nendeni na gari hadi maegesho ya ufukweni. Mtakuta msitu wa misonobari, na mbele yake vibanda vya mbao vilivyopakwa rangi za kila aina, vimesimama juu ya miguu kama vyumba vya kuku vya kitajiri. Ndani ni jiko dogo, viti vya kukunja na birika. Mwingereza anaweza kushinda siku nzima kwenye kibanda hicho akitazama mvua. Msicheke, kwa maana hata nyinyi siku ya tatu mtakuwa mnakunywa chai ndani ya gari mkiitazama bahari kupitia kioo, kama wazee wote wa hapa.

Maji yakitoka pale, bahari inapotea. Si mzaha, mtoto atauliza imekwenda wapi. Mchanga unabaki mpana, umekunjamana kama kitambaa ambacho hakijapigwa pasi, na katikati yake unapita mkondo wa bandari ambao maji yakipwa unavukwa kwa miguu. Hapo ndipo pa kuangalia. Watu wanavuka mkondo wakiwa wakavu, wanaenda kucheza kwenye fungu la mchanga ng'ambo, na maji yakianza kujaa hayaji kutoka mbele kama wanavyotarajia. Yanapita pembeni, yanaujaza ule mkondo nyuma yao, wao wangali wanajenga ngome za mchanga. Kwa sababu hiyo pale Wells kuna king'ora. Kikilia, acheni ndoo, acheni koleo, rudini. Bi mkubwa ataelewa mara moja, kwa sababu fungu ni fungu, na kwetu pia limewahi kuwala watu.

Jioni mrudi gatini mkamate kaa. Mchezo huu ni wa bei ya soda na watoto wako hawatausahau. Mnahitaji ndoo, uzi mrefu na kijifuko cha wavu cha kutilia chambo. Maduka yote ya pale yanauza. Chambo cha kienyeji ni nyama ya nguruwe, na muuzaji atakupa bila kuuliza. Nyinyi bebeni kichwa cha samaki au vipande vya ngisi, kaa hana madhehebu. Maji yawe yanajaa. Mtoto anashusha uzi mpaka uguse chini, anasubiri, kisha anauvuta taratibu mno, kwa sababu kaa akishtuka anaachia karibu na juu, ukamwona anazama huku mkono umeshanyooshwa. Ndoo iwe na maji ya bahari, ikae kivulini, kaa wasizidi wachache, la sivyo wanapigana na kukatana miguu. Kumshika, kidole gumba na cha shahada kutoka nyuma ya gamba. Wakishahesabiwa wote wanarudishwa majini. Jiandaeni kwa maneno ya bi mkubwa hapo: kuvua kwa saa mbili halafu kurudisha!

Mkiwa hapohapo gatini, watafuteni alama za mafuriko ukutani: 1953, 1978, 2013. Ile ya kwanza ni ya usiku wa Januari 31, 1953, dhoruba ya kaskazini ilipokutana na bamvua, na watu 307 wakafa upande wa mashariki wa Uingereza peke yake. Mtoto wa miaka 11 asimame chini ya alama apimwe kimo chake. Dakika tano zinatosha.

Siku ya sili iwe ya pili, na nafasi mziweke mapema kwa simu. Boti zinatoka Morston, kijiji chenye kijito cha tope ambacho kina maji saa chache tu kabla na baada ya kujaa, kwa hiyo muda wa safari hubadilika kila siku. Safari ni kama saa moja. Wanakwenda mpaka ncha ya Blakeney Point, ulimi wa mchanga na kokoto uliotunzwa na shirika la hifadhi la National Trust tangu 1912. Sili wa kijivu walionekana wakizaa pale kwa mara ya kwanza mwaka 1988. Mwaka 2001 watoto waliozaliwa walikuwa 25. Siku hizi kila majira ya baridi ni maelfu, na ndilo kundi kubwa kuliko yote England. Agosti hamtaona vichanga vyao vyeupe, hao ni wa Novemba hadi Januari, lakini wakubwa wako, pamoja na sili wa aina ya pili, mdogo, mwenye uso wa mviringo kama paka.

Boti inazima injini, inaelea. Kwanza mtasikia harufu, samaki wa juzi aliyechanganyika na kibanda cha mbuzi. Kisha kichwa kinatokea majini mita chache tu kutoka ubavuni, cheusi, kinang'aa, macho makubwa yenye maji, sharubu zinadondosha matone. Anapumua kwa nguvu, puu, anawatazama mmoja mmoja kama karani wa forodha, anazama. Mama yangu alikaa kimya kwa muda mrefu, halafu akasema: "Huyu ni nguva aliyesoma." Sina maelezo bora ya sili kuliko hayo.

Kuhusu magoti: boti ni za mbao, za wazi, na kuna hatua ya kushuka. Ukipiga simu waeleze, na uombe safari iliyo karibu kabisa na maji kujaa, kwani hapo boti inakuwa imepanda na hatua inakuwa fupi. Mvisheni kofia ya sufi hata kama ufukweni jua linawaka. Na msikubali wazo la kutembea hadi kwa sili kwa miguu kutokea kijiji cha Cley. Ni kilomita nyingi juu ya kokoto zinazoteleza, hata mimi silifanyi mara mbili kwa mwaka.

Kutoka Morston kuelekea mashariki mtapita Blakeney na Cley, kwenye mbuga za chumvi ambazo Agosti bado zina maua ya zambarau. Teremsheni vioo, tazameni, endeleeni. Kwenye nyaya za simu mtaona mbayuwayu wamejipanga kama shanga; wanajikusanya kwenda kusini mwa Afrika. Cley hutamkwa Klai, na kijiji cha Happisburgh, amini usiamini, ni Hezbra. Ukiuliza njia kwa kusoma herufi utazungushwa.

Siku ya tatu ni ya mtoto mkubwa. Mpelekeni West Runton maji yakiwa yamepwa. Kuna miamba ya chokaa yenye madimbwi, na ufuoni, kati ya kokoto, wanaokota vipande vilivyochongoka kama risasi, vya mnyama wa jamii ya ngisi aliyeishi zama za dinosau. Majabali nyuma yenu yalitoa mwaka 1990 mifupa ya tembo wa kale wa tani kama 10, mkubwa kuliko tembo yeyote wa Tarangire. Okoteni kilicho chini tu. Msichimbe jabali wala msikae chini yake, kwa sababu linaanguka bila taarifa, hasa baada ya mvua.

Akipenda habari hizo, mwongezee hii njiani. Kusini zaidi, hapohapo Happisburgh, mwezi Mei 2013 mawimbi yalifukua kwenye tope gumu nyayo za watu, wakubwa na watoto, zenye umri wa zaidi ya miaka 800,000. Nje ya Afrika zilikuwa kongwe kuliko zote zilizojulikana. Bahari ilizifukua na bahari ikazifuta ndani ya wiki chache. Zilibaki picha na vipimo. Mwambie kuwa Laetoli, Tanzania, tunazo za miaka milioni 3.6, na zipo mpaka leo. Mtoto wa Kitanzania aliyezaliwa Leicester anastahili kuwa na la kujibu darasani Septemba.

Mdogo na bibi yake siku hiyo wapandisheni treni ya makaa Sheringham hadi Holt na kurudi, kama kilomita 8 kila upande, bahari upande mmoja na mashamba upande mwingine. Mabehewa ni ya zamani, yana viti vya kitambaa na madirisha ya kuteremsha, na moshi unaingia kama kawaida. Mtu wa Tanga na reli ni jamaa wa muda mrefu. Atakuwa na hadithi za kituo cha Korogwe kabla treni haijaondoka.

Cromer ingieni mchana mmoja, si zaidi. Gati lake la mwaka 1901 linaingia baharini mita 151, ni tambarare, kwa hiyo mama anatembea vizuri na mabenchi yako mengi. Mwishoni kabisa kuna ukumbi wa maonyesho, na nyuma yake banda la boti ya uokoaji. Hapa ndipo alipofanya kazi Henry Blogg, mvuvi wa kaa aliyehudumu kwenye boti hiyo miaka 53, akasaidia kuokoa watu 873. Medali zake na boti yake moja ziko kwenye jumba dogo la makumbusho karibu na ufuo. Naambiwa hakujua kuogelea, na wavuvi wangapi wa Pangani hawajui pia? Wazee wa huko wanasema anayejua kuogelea anachelewa tu kufa.

Wavuvi wa Cromer bado wanavua kaa kwa mitego juu ya mwamba wa chokaa ulio karibu na pwani, na boti wanazivuta mchangani kwa matrekta. Kaa wake ni mdogo, mtamu, huuzwa amechambuliwa na kurudishwa kwenye gamba lake. Kama kaa analiwa nyumbani kwenu au haliwi, hiyo mkamalize na bi mkubwa. Mshafii na kaa ni mjadala wa usiku kucha, na mimi nimealikwa kwa swali la likizo.

Samaki na chipsi ndilo jambo la kuuliza vizuri. Baadhi ya maduka ya pwani hukaangia mafuta ya ng'ombe, ambaye hakuchinjwa mnavyotaka, na pengine wapo wanaotumia ya nguruwe. Usiulize kama ni halali, wengi watakuitikia kwa adabu bila kujua. Uliza: "Mnakaangia mafuta gani?" Ukijibiwa ya mimea, haya, agiza. Kule mtieni siki na chumvi, na mfunike. Shakwe wa pale ni kunguru wa Tanga aliyevaa kanzu: anakuja kwa nyuma, anachukua chipsi mkononi mwa mtoto, na anarudi na ndugu zake. Simameni migongo ikiwa ukutani. Siku nyingine pikeni kwenye karavani, muuza samaki wa Wells au Sheringham atakupa samaki mbichi, na viungo najua mmebeba.

Mume anayetaka kuogelea aogelee, lakini kati ya bendera mbili za nyekundu na njano tu, ambazo waokoaji huzisimika. Akiwa nje ya bendera hakuna anayemtazama. Na stara, dada, baridi imeshakumalizia tatizo: kodi au nunua suti ya mpira ya kuogelea, inafunika shingo hadi kifundo cha mguu na nusu ya wanawake ufuoni watakuwa wamevaa hivyohivyo. Juu yake vaa shati pana na kofia ya kuogelea, hakuna atakayegeuka. Nunueni pia pazia la turubai la kukinga upepo, lile lenye vijiti na nyundo ya mbao. Bila hilo, mkeka, wali na mchanga vitakuwa kitu kimoja.

Siku ya nne, mkirudi, msikate moja kwa moja. Piteni Hunstanton, watu wa huku husema Hanstan, kisha King's Lynn na A47 hadi nyumbani. Jabali la pale lina mistari kama keki: chokaa nyeupe juu, nyekundu katikati, mawe ya hudhurungi chini. Mama halazimiki kuteremka. Juu kuna nyasi tambarare, mabenchi na maegesho, na ukingo anauona akiwa amekaa na chupa yake ya chai. Fikeni mapema kidogo kuliko saa mbili usiku.

Nikwambie kwa nini. Hunstanton iko pwani ya mashariki ya Uingereza lakini imetazama magharibi, kwa sababu ya ghuba kubwa inayoingia ndani ya nchi. Bi mkubwa miaka yote ameona jua likitoka baharini na kwenda kuzama nyuma ya Usambara. Pale ataliona likiingia majini. Kama mawingu hayakuzuia, linachukua dakika chache tu, na mchanga uliolowa chini ya jabali unageuka rangi ya shaba mpaka kule maji yalikoishia.

Sala ya magharibi salini hapohapo. Tanga anaswali kaskazini na bahari iko mkono wake wa kulia. Hunstanton mtaelekea kusini-mashariki, bahari yote itabaki mgongoni. Tandikeni mkeka kwenye nyasi za ndani, mbali na ukingo, na kiti cha kukunja cha mama kitoeni garini mapema, maana mwadhini wa simu hatasubiri mtafute funguo.